Kitu kilisafiri, au ni watu waliohama? Namna ya kusoma mabaki ya mabonde ya Andes

Wanafunzi wa akiolojia Lubumbashi wanazijua kauri za makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale. Zilitoka Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 1,000, zikipita mkono kwa mkono. Andes, milima ya Amerika Kusini, ni kugumu zaidi: kutoka Pasifiki hadi nyanda za mita 4,000 ni mwendo wa siku chache na msafara wa llama, kila mnyama na kilo zake 25 au 30. Hapo samaki angeweza kuuzwa milimani, na jamaa wa milimani wangeweza kushuka bondeni wakakaa. Ukikosa utaratibu, utayachanganya hayo mawili.

Anza na chekecheke, hata kama vigae vyenye rangi vinakuita. Tumia wavu wa milimita 2. Wavu wa milimita 6 hupitisha mifupa ya samaki wadogo kama ndakala, kisha utaandika kwamba wenyeji hawakula cha baharini. Caral, mji wa kale wa Peru katika bonde la Supe, iko kilomita zaidi ya 20 kutoka ufukweni, na ni mifupa midogo kama hiyo iliyoonyesha jinsi ilivyotegemea pwani. Katika kila tabaka, weka kando lita 10 za udongo; zimwage ndani ya ndoo ya maji, koroga polepole, nasa kinachoelea kwa kitambaa chepesi. Chandarua hakifai, mbegu ndogo hupita. Anika kivulini, kwani jua kali hupasua mbegu zilizoungua.

Vigae vigawe mafungu mawili: vyungu vya kupikia na vyombo vya karamu. Pima uzito wa kila fungu, hesabu midomo ya vyombo, kisha vunja pembe ndogo kwa koleo uangalie kwa lenzi ya mara 10 kama mchanga uliomo ni wa palepale. Bilauri iliyopambwa inaweza kuwa zawadi, au mwigo wa mfinyanzi wa palepale. Chungu cha kawaida cha jikoni ni vigumu mtu akibebe kilomita 300 kwenda kukiuza. Omo, katika bonde la Moquegua, ina nyumba, makaburi na vyombo vya kila siku vya mtindo wa Tiwanaku, dola ya kale ya milimani karibu na Ziwa Titicaca; ndiyo maana watafiti wanazungumzia wahamiaji.

Obsidiani, yaani kioo cha volkano, ni rahisi, kwa kuwa kemia yake hutaja mlima ilikotoka. Ile ya Alca, milimani kusini mwa Peru, ilifika Quebrada Jaguay, pwani, zaidi ya miaka 11,000 iliyopita. Hilo linathibitisha mawasiliano. Kuhusu makazi halisemi kitu.

Kwa watu wenyewe, pima strontiamu ya meno: uwiano wa isotopu zake (87Sr/86Sr) hufuata miamba ya mahali mtu alipokulia. Chukua enameli (tabaka gumu la nje la jino), miligramu 10 hivi, wala si mfupa, kwa kuwa mfupa hunyonya madini ya udongo ulimozikwa. Gego la kwanza huhifadhi miaka 3 ya mwanzo ya maisha. Eneo la Ziwa Titicaca hutoa uwiano wa karibu 0.709, Moquegua karibu 0.706. Hapa ndipo wengi hunaswa: maji ya bahari nayo ni 0.7092. Mtoto wa pwani aliyelishwa samaki na mwani anaweza kuonekana kama mzaliwa wa Titicaca! Linganisha na isotopu nzito ya naitrojeni (15N), ambayo hupanda kwa walaji wa samaki. Lakini kumbuka kwamba mahindi yaliyorutubishwa kwa kinyesi cha ndege wa baharini huipandisha vilevile, kwa hiyo pima pia mimea ya shambani na panya wa bonde hilo kabla ya kutoa hukumu.

Umri upime kwa radiokaboni, ukitumia vitu vilivyoishi muda mfupi: gunzi, mbegu ya pamba, sufu. Kombe, na mifupa ya walaji wa samaki, huonekana ya zamani kuliko ilivyo kwa karne kadhaa. Usiposahihisha, pwani itaonekana ya kale kuliko milima kila mara.

Mwisho, ukaguzi wa Garci Diez, mkaguzi wa serikali ya Kihispania, huko Chucuito mwaka 1567, ambao mwanaanthropolojia John Murra aliutumia kueleza jinsi Walupaqa, wenyeji wa kando ya Titicaca, walivyomiliki mashamba mabondeni, uutumie kama dhana ya kupimwa. Kuubandika juu ya Tiwanaku ya mwaka 700 ni kuruka miaka zaidi ya 800.