Upepo wa matairi gari linapobeba mzigo

Gari likishapakiwa, kila mtu huuliza "niweke ngapi?" Jibu haliko kichwani mwa fundi, liko mlangoni.

1. Fungua mlango wa dereva, utafute kibandiko kwenye nguzo yake. Baadhi ya magari hukiweka ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kinaonyesha upepo wa mbele na wa nyuma, mara nyingi kwa safu mbili: watu wachache, na gari limejaa. Usifuate namba ya juu kabisa iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Huo ni ukomo wa tairi lenyewe, na tairi halijui limefungwa kwenye gari gani.

2. Pima matairi yakiwa baridi, gari likiwa limesimama kwa muda wa saa 3 au zaidi. Tairi likipata moto upepo hupanda, na geji itakudanganya kwamba umetosha.

3. Fuata safu ya gari lililojaa. Tuseme kibandiko kinataka PSI (kipimo cha upepo) 32 mbele na 32 nyuma kwa watu wachache, kisha 33 na 38 gari likijaa. Nyongeza karibu yote iko nyuma, kwa sababu buti na kiti cha nyuma huelemea ekseli hiyo. Wengi huongeza sawasawa matairi yote manne, basi mbele kunakuwa kugumu bure na nyuma kunabaki kumelegea. Tairi lililolegea chini ya mzigo hujikunja ubavu kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakolichemsha. Ndiyo maana hupasuka ukiwa umeshakwenda mbali, si pale ulipopakia.

Geji ikisoma kwa bar, bar 1 ni kama PSI 14.5.

4. Umefika kwenye kompresa matairi yana moto? Usipunguze. Kama asubuhi yakiwa baridi yalikuwa sawa kwa safu ya watu wachache, ongeza tofauti ya safu hizo mbili tu. Kwa mfano wetu, nyuma ni 6: geji ikisoma 35, peleka 41, upime tena yakipoa.

5. Spea pia. Ile nyembamba ya muda kwa kawaida hutaka 60.

Na upepo hauliongezei gari uwezo wa kubeba. Tairi lenye namba ya mzigo 91 (namba ya uwezo iliyochapwa ubavuni, si kilo) hubeba kilo 615, hata ulijaze mpaka liwe jiwe. Ukishapakua, rudisha 32 matairi yakiwa baridi, la sivyo yatalika katikati kabla ya pembeni.