Diski mbili zikifa kwenye RAID 5

RAID 5, yaani diski kadhaa zilizounganishwa kuwa safu moja, huvumilia kufa kwa diski moja tu. Seva ya diski nne ikikwambia mbili hazipo, mara nyingi hazikufa pamoja: ya kwanza ilijitoa zamani na taa nyekundu haikuangaliwa na mtu, ya pili ikafuata umeme ulipokatika na kurudi. Hapo ndipo pa kuanzia.

Zima seva. Usiamuru safu ijengwe upya, na `mdadm --create` (`mdadm` ni programu ya Linux ya kusimamia RAID) usiiguse kabisa. Kila diski iandike nafasi yake, 0 hadi 3, kwa kalamu ya wino mzito.

Diski isiyosoma, kwanza fungua bodi yake ya saketi. Hewa ya bahari hula miguso. Ikiwa imefanya weusi, isugue taratibu kwa raba ya penseli. Bodi ya diski nyingine usiibandike, hata modeli zikifanana, kwani chipu hubeba vipimo vya diski yake tu. Inayogonga tak-tak-tak izime, hiyo ni ya maabara ya kuokoa data.

Sasa nakili kila diski, nzima kwa nzima, kwenye mpya yenye ukubwa uleule au zaidi, kwa `ddrescue`, programu ya kunakili diski mbovu. Amri ya kwanza huchukua kinachosomeka kwa urahisi, ya pili hurudia sekta mbovu mara tatu:

`ddrescue -f -d -n /dev/sdb /dev/sdg b.map`
`ddrescue -f -d -r3 /dev/sdb /dev/sdg b.map`

Chanzo (hapa `sdb`) hutangulia, ukigeuza, umefuta. Faili la ramani (`b.map`), linaloandika kilichosomwa na kisichosomwa, liweke kwenye diski nyingine, si chanzo wala nakala: umeme ukikatika, rudia amri ileile, itaendelea ilipoishia. TB 4 kwa MB 150 kwa sekunde huchukua saa saba na nusu hivi; kwa USB 2 ni zaidi ya siku nzima, basi tumia SATA.

Chomoa za asili, kisha soma nakala (hapa `sdg` hadi `sdj`) uone Events, hesabu ya masasisho ya safu ambayo kila diski iliyapata:

`mdadm --examine /dev/sd[g-j]1 | grep Events`

Tuseme unaona 48213, 48213, 48209 na 31077. Hiyo ya mwisho, hata ikiwa nzima kiasi gani, iache nje: data yake ni ya zamani, ukiichanganya utaona majina ya mafaili yasiyofunguka. Unganisha tatu zilizobaki:

`mdadm --assemble --force --readonly /dev/md0 /dev/sdg1 /dev/sdh1 /dev/sdi1`
`mount -o ro,noload /dev/md0 /mnt`

`noload` (usirudie jarida la mabadiliko) ni ya mfumo wa mafaili wa ext4. Hamisha mafaili mahali pengine kabla ya kufikiria `fsck`, kirekebishaji cha mfumo wa mafaili. Picha ikifunguka nusu, nusu kijivu, huenda imeangukia sekta ambazo `ddrescue` ilishindwa kuzisoma. Ramani itakuonesha ni zipi.