Kusoma Nguzo za Jiji kwa Kalamu: Mwongozo wa Fundi wa Pila

Mimi ni fundi wa pila. Kibanda changu kiko kando ya Kangundo Road, Nairobi, na kazi yangu ni kumwaga zege kwenye kalibu na kutoa nguzo, vijiguzo vya baraza na vichwa vya simba vya kuweka getini. Walimu wana neno lao, urasimi, au klasiki: kufuata vipimo na mifano ya Wagiriki na Warumi wa kale, kwenye majengo, picha na hata fasihi. Wateja wangu husema tu, "Fundi, nataka zile za Kirumi." Kwa miaka mingi niliwapa za Kirumi bila kujua Urumi ulitaka nini. Kisha mteja mmoja wa Kitengela akasimama mbele ya geti lake jipya akaniuliza, "Hizi ni nguzo au mabomba ya maji taka?" Alisema kweli. Nilikuwa nimezitoa fupi, nono, unene mmoja chini hadi juu, kisha kichwani nikabandika majani. Nilizing'oa kwa gharama yangu. Tangu hapo nikawa naenda mjini Jumamosi kusoma majengo, na ndivyo nitakavyokufundisha.

Beba kalamu na daftari. Anzia maktaba ya McMillan, Banda Street, mwendo wa saa nne asubuhi, jua likiwa bado limelalia upande. Simama mbali na ngazi. Nyoosha mkono, laza kalamu, funga jicho moja. Ncha ya kalamu iguse ukingo mmoja wa nguzo, chini kabisa, na kidole gumba kiguse ukingo wa pili. Huo ndio upana wake. Bila kusogeza kidole, simamisha kalamu uhesabu upana huo unaingia mara ngapi hadi kileleni. Askari akikuuliza unapima nini, mwambie ukweli. Mimi niliambiwa, "Endelea, mzee."

Hesabu hiyo ndiyo moyo wa mambo. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeandika vitabu kumi vya ujenzi katika karne ya 1 kabla ya Kristo, anaeleza kwamba Wagiriki waliona unyayo wa mwanamume unaingia mara 6 katika kimo chake, wakaipa nguzo ya Dori, mmoja wa mitindo yao mitatu, kipimo hicho. Ya Ioni, mtindo wa pili, wakaipa umbo la mwanamke, mara 8. Waliokuja baadaye wakazirefusha, 7 na 9. Kwa hiyo ukimwaga nguzo yenye upana wa sentimita 30 chini na unataka Ioni, kimo kisipungue mita 2.4. Zangu za Kitengela zilikuwa na upana wa sentimita 40 na kimo cha mita 1.6. Mara 4! Hata mtoto hana umbo hilo.

Ukishahesabu, tazama kichwa. Kama ni bakuli lililofunikwa na kigae cha mraba, hiyo ni Dori. Pembe mbili za kondoo dume zilizojikunja ni Ioni. Majani yaliyofumuka kama sukuma wiki ambayo haijachumwa ni Korintho, na Vitruvius ana kisa chake: yaya aliweka kapu la vyombo juu ya kaburi la msichana wa Korintho, akalifunika kwa kigae, mmea wa akantho ukachipua ukalizunguka, na mchongaji Callimachus alipopita akaliona, akaliiga kwenye kichwa cha nguzo. Mwisho tazama mwili wa nguzo. Nguzo iliyofanywa vizuri hukonda ikienda juu, na mara nyingi imefura kidogo sana, kama mkono wa mtu anayeinua mzigo. Vichwa vya McMillan ni vya aina gani? Nenda ujaze mwenyewe.

Usiondoke hapo kabla ya kuuliza mlango ulifunguliwa kwa ajili ya nani. Lady McMillan alilijenga jengo hilo kumkumbuka mumewe, likafunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kusomea humo. Umma wote ulipata nafasi baada ya baraza la jiji kulichukua mwaka 1962. Mkoloni alipenda nguzo kwa sababu zilimfanya aonekane amekuwepo miaka elfu mbili. Nami napenda uwiano wa nguzo hizo, lakini simba wale wawili wa mawe pale ngazini siwatolei moldi.

Kuhusu picha za kuchora nitasema machache. Tafuta kwenye simu "Kiapo cha Wahoratii" ya mchoraji Mfaransa Jacques-Louis David, ya mwaka 1784. Hesabu matao: 3. Ndugu wanaoapa: 3. Panga: 3. Rangi imetulia, hakuna kinachomwagika nje ya mstari, na wanawake wanaolia wamepewa kona yao. Ukiiona hiyo, nyingine utazitambua.

Kwenye fasihi kipimo ni saa. Wafaransa wa karne ya 17 walichukua maneno ya Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, juu ya tamthilia wakayakaza yakawa sheria: tendo moja, mahali pamoja, siku moja. Mwandishi wao Corneille alikemewa hadharani kwa kujaza mambo mengi mno katika siku moja ya tamthilia yake "Le Cid" mwaka 1637. Wewe soma "Mfalme Edipode", mchezo wa Mgiriki Sophocles ulioletwa kwa Kiswahili na Samuel Mushi. Kila kitu kinatokea mbele ya jumba la mfalme, na jambo ni moja tu: nani alimuua Laio, mfalme aliyetangulia? Kama umelelewa na utenzi, mizani nane kila kipande, vipande vinne kila ubeti, sikio lako liko tayari. Utenzi si wa Wagiriki, ni wetu wa pwani. Ila anayeujua haoni ajabu mtu kujifunga kamba ndipo acheze.

Sasa fuata Wabera Street, vuka Kenyatta Avenue, ufike City Hall Way, kwenye Mahakama ya Juu. Nguzo tena. Hapa nilikuja na binti yangu, anayesomea kriminolojia, elimu ya uhalifu, chuo kikuu, nikamwonyesha kwa majivuno. Akaniambia, "Baba, klasiki yetu sisi haina nguzo." Akanieleza habari za Cesare Beccaria wa Milano, aliyetoa kitabu chake kuhusu makosa na adhabu mwaka 1764 akiwa na miaka 26, bila kuandika jina lake. Alitaka sheria iandikwe wazi watu waijue kabla ya kukosa, mateso yakomeshwe, adhabu ije haraka na kwa hakika, tena ilingane na kosa. Jina la klasiki yeye na wafuasi wake walibandikwa baadaye na wapinzani, wafuasi wa Cesare Lombroso, ambaye kuanzia 1876 alidai mhalifu anajulikana kwa fuvu na taya. Nikamwambia nimeelewa: Beccaria alipima kosa, Lombroso akapima kichwa.

Ila Beccaria alikaza mno. Hakimu wake ni kalibu tu: kosa linaingia, adhabu inatoka. Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kulazimisha hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji, bila jaji kusikiliza hali ya mtu, kunakiuka Katiba. Mimi nimeumizwa na kalibu moja kwa mageti yote, kwa hiyo hapo nasimama na mahakama.

Hatua ya mwisho haifanywi ukiwa umesimama barabarani. Nenda mahakama yoyote ya hakimu, kesi husikizwa hadharani, keti nyuma, zima simu. Gawa ukurasa mara mbili, "kosa" na "mtu", uandike hakimu anauliza nini upande upi. Ya kwanza niliyoandika: upande wa kosa, mifuko miwili ya saruji. Upande wa mtu, miaka 19, kosa la kwanza, amekiri. Alipewa huduma kwa jamii. Mifuko miwili ni karibu nguzo mbili za Ioni. Tukitoka, binti yangu akaniuliza ningempa nini kama saruji ingekuwa yangu. Nikamwambia angoje, bado napima.