Jinsi ya kukadiria hatari ya zebaki kwa afya katika kijiji cha wachimbaji wadogo wa dhahabu

Katika vijiji vingi vya wachimbaji wadogo mkoani Geita, kusini mwa Ziwa Victoria, zebaki huchanganywa na mchanga uliokwisha kuoshwa ili ikamate punje za dhahabu, kisha donge linalopatikana huchomwa juu ya moto mpaka zebaki igeuke mvuke na dhahabu ibaki peke yake. Watu wanapoulizwa juu ya madhara ya kazi hiyo, wengi hutaja kwanza samaki wa ziwani. Hofu hiyo ina msingi, lakini makadirio niliyofanya kwa miaka kadhaa yamenifundisha kuanza ndani ya nyumba, hasa nyumba ambamo donge huchomwa jikoni huku watoto wamelala chumba cha pili. Mwongozo huu unaonyesha hesabu yenyewe, ili msomaji aweze kuirudia kwa takwimu za kijiji chake. Kikokotoo kinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi, na kompyuta itahitajika katika hatua ya sita tu.

Hatua ya kwanza: chora njia kabla ya kupima chochote

Chukua karatasi na uandike vyanzo vyote vya zebaki upande wa kushoto: mwalo wa kuchenjulia, mahali pa kuchomea donge, duka la mnunuzi wa dhahabu ambako dhahabu huchomwa tena kabla ya kupimwa, na lundo la marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya dhahabu kutolewa. Upande wa kulia waandike watu: mchomaji, mkewe, mtoto anayetambaa, mama mjamzito, jirani aliye upande wa upepo. Katikati chora mishale inayoonyesha jinsi zebaki inavyomfikia kila mmoja, iwe kwa pumzi, kwa chakula, kwa vumbi la mikononi au kwa nguo za kazi zinazoingizwa ndani. Mshale usiokuwa na mtu mwishoni mwake hauna hatari ya kiafya ya kukadiria leo, hata kama uchafuzi upo. Niliwahi kukabidhiwa ripoti nene yenye vipimo vingi vya tope la mto, lakini haikuwa na kipimo hata kimoja cha hewa ya nyumbani, kwa sababu mchoro huu haukuchorwa.

Hatua ya pili: tenganisha aina za zebaki

Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Zebaki ya metali ikimezwa, utumbo hunyonya chini ya asilimia 0.01 yake, lakini mvuke wake ukivutwa kwa pumzi, takriban asilimia 80 hubaki mwilini na kufika kwenye ubongo na figo. Methili-zebaki ni kitu kingine kabisa: hutengenezwa na bakteria katika tope la maji yenye oksijeni kidogo, hupanda kutoka kiumbe mdogo hadi samaki mkubwa, na takriban asilimia 95 ya ile inayoliwa hunyonywa. Hii ndiyo iliyowaumiza watu wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Kwa hiyo usijumlishe mvuke na samaki katika hesabu moja kana kwamba ni sumu moja. Kila aina ina kipimo chake cha usalama na kiungo inachokishambulia zaidi.

Hatua ya tatu: pima uzito wa kinachotoka

Muulize mchomaji donge lake lina gramu ngapi, au bora zaidi, lipime kwa mizani ya dhahabu kabla na baada ya kuchomwa. Donge lililokamuliwa vizuri kwa kitambaa huwa na zebaki takriban nusu ya uzito wake. Kwa mfano wetu tuchukue donge la gramu 10, ambalo linapochomwa bila retoti, yaani bila chombo kilichofungwa kinachounasa mvuke na kuupoza urudi kuwa zebaki, hutoa gramu 5 hewani.

Hatua ya nne: jenga modeli ya sanduku

Modeli ya sanduku hukichukulia chumba kama chombo kimoja ambamo hewa imechanganyika sawasawa. Chumba chetu kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5, kwa hiyo ujazo wake ni mita za ujazo 30. Ukigawanya gramu 5 kwa ujazo huo unapata miligramu 167 katika kila mita ya ujazo, na hapo msomaji makini anapaswa kusimama, kwa sababu jibu hilo haliwezekani. Kwa nyuzi joto 20 za Selsiasi, hewa haiwezi kubeba zaidi ya takriban miligramu 13 za mvuke wa zebaki katika mita moja ya ujazo. Chumba kizima, basi, kinaweza kushika hewani gramu 0.4 hivi, na zilizobaki hutoka na moshi wa moto kupitia matundu, au hupoa na kutua juu ya bati, kuta, vyungu, vyandarua, nguo na nywele.

Jibu hilo lisilowezekana lina faida kubwa kuliko kama lingekuwa sahihi, kwa kuwa linatuambia mambo mawili. La kwanza, wakati wa kuchoma, hewa iliyo karibu na moto inaweza kukaribia kikomo hicho cha miligramu 13, yaani mikrogramu 13,000, ilhali kiwango cha kazini kilichopendekezwa na jumuiya ya wataalamu wa usafi wa viwandani ya Marekani, ACGIH, kwa saa nane za kazi ni mikrogramu 25. La pili, na ndilo husahaulika, chumba chenyewe kimegeuka kuwa chanzo. Moto ukizimwa na dhahabu ikauzwa, zebaki iliyotua inaendelea kutoa mvuke usio na harufu wala rangi kwa siku nyingi, na familia inaishi ndani yake.

Kwa hali hiyo ya pili tunatumia mlinganyo mwepesi wa hali tulivu, yaani hali ambayo mvuke unaotoka ni sawa na unaoondoka na hewa:

C = E ÷ (n × V)

C ni kiasi cha mvuke hewani, E ni kiasi kinachotoka kwa saa, n ni idadi ya mara ambazo hewa ya chumba hubadilishwa kwa saa, na V ni ujazo wa chumba. Tuchukulie kwamba gramu 1 imebaki juu ya kuta na bati, na kwamba asilimia 1 yake hutoka kila siku. Hizo ni miligramu 10 kwa siku, sawa na mikrogramu 417 kwa saa. Hewa ikibadilishwa mara 2 kwa saa, C ni 417 ÷ 60, yaani karibu mikrogramu 6.9 katika mita ya ujazo. Mtoto mdogo aliyemo chumbani saa 14 kwa siku anapata wastani wa 6.9 × 14 ÷ 24, yaani mikrogramu 4.

Sasa linganisha. Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa Marekani, EPA, hutumia kiwango rejea cha mikrogramu 0.3 katika mita ya ujazo kwa mtu anayevuta mvuke huo maisha yake yote. Gawanya 4 kwa 0.3 na uwiano wa hatari unakuwa 13 hivi. Uwiano huo si uwezekano wa kuugua, na haumaanishi kwamba watoto 13 wataugua. Ili kuuelewa, rudi kwenye asili ya kiwango chenyewe: kilitokana na wafanyakazi wa viwandani walioanza kutetemeka mikono na kupungukiwa kumbukumbu penye mikrogramu 25 hivi. Kipimo hicho kikarekebishwa kuwa 9 kwa mtu anayevuta mvuke usiku na mchana, kisha kikagawanywa kwa 30 ili kuwalinda walio dhaifu zaidi. Mtoto wetu mwenye mikrogramu 4 yuko chini kidogo tu ya nusu ya kile kilichowatetemesha watu wazima wenye nguvu za kufanya kazi. Sentensi hiyo moja humsaidia mzazi kuelewa kuliko namba 13.

Angalizo la kitaalamu: katika njia ya pumzi usizidishe C kwa kiasi cha hewa anachovuta mtu na kugawanya kwa uzito wake. Mwongozo wa EPA wa mwaka 2009 uliachana na utaratibu huo, na kiasi cha hewani hulinganishwa moja kwa moja na kiwango rejea.

Hatua ya tano: hesabu ya samaki

Hapa uzito wa mwili unahitajika. Mama wa kilo 60 anakula gramu 200 za samaki mara tano kwa wiki, jumla gramu 1,000. Kwa mfano, sato wake wakiwa na zebaki miligramu 0.02 kwa kilo, anakula mikrogramu 20 kwa wiki, sawa na 0.33 kwa kila kilo ya mwili. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO iliweka kikomo cha methili-zebaki mwaka 2003 kuwa mikrogramu 1.6 kwa kilo ya mwili kwa wiki, ikitegemea uchunguzi wa akina mama na watoto wa visiwa vya Faroe na Shelisheli. Uwiano wa mama huyu ni 0.2, na hana sababu ya kuogopa kitoweo chake. Angekula kiasi hicho hicho cha sangara mkubwa mwenye miligramu 0.2 kwa kilo, ambayo bado iko chini ya miligramu 0.5 inayotumiwa na wengi kama kikomo cha sokoni, uwiano ungekuwa 2.1. Samaki halali sokoni anaweza kuwa mwingi mno kwenye sahani ya mjamzito. Ushauri unaofuata hapo ni kuchagua sato na dagaa, wala si kuacha samaki, kwa sababu protini na mafuta yake yanahitajika kwa ubongo uleule tunaoulinda.

Hatua ya sita: yape mashaka namba

Makadirio yote hapo juu yametumia namba moja moja. Andika programu fupi kwa Python au R inayochagua kila thamani kwa bahati nasibu kutoka katika mtawanyo wake, mara 10,000, kwa njia ya Monte Carlo: mtawanyo wa logi-kawaida (thamani nyingi ni ndogo, chache ni kubwa sana) kwa zebaki ya samaki, na wa pembetatu (wenye kima cha chini, cha kawaida na cha juu) kwa saa za kukaa chumbani na mabadiliko ya hewa. Toa thamani ya kati, ambayo nusu ya majibu yako chini yake, pamoja na asilimia ya 95, ambayo majibu 95 kati ya 100 yako chini yake. Vipimo vilivyo chini ya uwezo wa mashine usiviandike sifuri, na usichague uzito wa mwili na kiasi cha chakula kana kwamba havihusiani, la sivyo utamlisha mtoto wa kilo 10 sahani ya mvuvi. Utaona upesi kwamba namba inayoyumbisha matokeo ya chumba ni ile asilimia 1 tuliyoikisia. Fedha za mradi, basi, ziende kwanza kwenye kukodi kipima mvuke cha kubebeka.

Hatua ya saba: liulize jibu kwa mwili

Mvuke hupimwa kwa mkojo, na methili-zebaki kwa nywele au damu. Tume ya Ujerumani ya upimaji wa binadamu iliweka ngazi mbili za zebaki kwenye mkojo: mikrogramu 5 kwa gramu ya kreatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo, inayotumika kusawazisha mkojo mzito na mwepesi), ngazi ambayo chini yake hakuna wasiwasi, na 20, ambayo juu yake hatua zichukuliwe. Usitumie nywele za mchomaji kuhukumu samaki, kwani mvuke hujishikiza juu ya nywele kutoka nje.

Hatua ya nane: rudisha matokeo kijijini

Yapeleke kwanza kwa waliokufungulia milango yao, kabla ya ofisi yoyote. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, unataja uchomaji wa donge mahali pa wazi na uchomaji katika makazi ya watu miongoni mwa desturi zinazopaswa kukomeshwa, lakini mama wa nyumba anahitaji kusikia yanayowezekana wiki hii: moto uhamie mbali na nyumba na upande ambako upepo hauelekei makazi, retoti itumike, nguo za kazi zibaki nje na zifuliwe peke yake, na chumba kilichotumika kisilaliwe na watoto. Kufungua madirisha kunaongeza n kutoka 2 hadi 4 na kushusha uwiano kutoka 13 hadi 7 hivi, ambao bado ni mkubwa, kwa hiyo bati na udongo wa sakafu vibadilishwe inapowezekana. Kwa kuwa nusu ya zebaki ya mvuke huondoka mwilini kwa takriban siku 60, panga kupima mkojo wa familia hiyo tena baada ya miezi minne. Ukikuta umeshuka hadi robo ya ule wa kwanza, chanzo kimekatika. Ukikuta umeshuka kidogo tu, rudi kwenye karatasi ya hatua ya kwanza na utafute mshale uliouruka.