Kuchagua chombo cha kuyeyushia nta ya mishumaa

Kwa anayeanza kumimina mishumaa nyumbani, mimi husisitiza kitu kimoja: jagi la alumini au la chuma kisichoshika kutu, lenye mdomo mwembamba na mpini usiopitisha joto. Mdomo ukiwa mpana, nta humwagika pembeni na utambi hulala. Lisimamishe ndani ya sufuria ya maji, juu ya kitako cha waya lisiguse chini. Maji hayapiti nyuzi 100, hivyo nta haiungui, mradi uyaongeze yasikauke. Kuyeyushia moja kwa moja motoni sikubali kamwe.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, ya soya chini ya hapo, kwa hiyo kipimajoto ni lazima. Ya nyuki isiguse shaba wala chuma cha kawaida, hubadilika rangi.

Ukiwa na oda nyingi, nunua chungu cha umeme, ila kiwe na kidhibiti cha nyuzi kamili. Vile vya “juu” na “chini” tu viache dukani.

Mfuniko uwe karibu: nta ikishika moto, zima jiko, funika, usimwagie maji.