Somo: Mafungo ya siku tatu kando ya Ziwa Tanganyika kwa mwenye hofu

Tumsifu Yesu Kristo. Wengi mmeniomba niandike tunavyofanya yale mafungo ya ziwani, wengine mkidhani ni ya watu majasiri. Mimi ninayeyaongoza nimekulia Ujiji, na mpaka nimeolewa sikuwahi kuingia ziwani zaidi ya magoti. Nilipokuwa na miaka tisa mtumbwi wa mjomba ulipinduka karibu kabisa na ufuko, nikanywa maji, nikatolewa kwa kuvutwa nywele. Tangu hapo ziwa nililiona kwa kunawa miguu tu. Mnajua Ujiji walivyo na midomo, kwa hiyo vicheko nilivyopata sivielezi.

Basi tuanze.

Hatua ya kwanza: ipe hofu jina lake kamili. Hii inafanyika nyumbani, wiki moja kabla ya safari, kwa daftari na kalamu. "Naogopa maji" halitoshi. Maji ya kuoga unaogopa? Ya kisima? Andika ni dakika ipi hasa moyo unapokwenda mbio. Mimi niligundua siogopi maji wala mawimbi. Naogopa pale mguu unapotafuta chini na chini haipo. Dada mmoja aliyekuja akisema anaogopa giza, alipoandika vizuri alikuta anachoogopa ni kubaki peke yake na mawazo yake. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina kazi yake.

Hatua ya pili: tenga hofu inayokulinda na hofu inayokufunga. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, na duniani linalolizidi ni Baikal la Urusi peke yake. Kuliogopa ni akili. Mvuvi akiona mbingu imekuwa nyeusi upande wa milima ya Kongo hatii chombo majini, na hakuna anayemwita mwoga. Kwa hiyo kila anayepanda boti kwenye mafungo yetu anavaa jaketi okozi, boti haijazwi kupita kiasi, na tunaondoka alfajiri kabla upepo haujachangamka. Wenyeji wa ufuko ndio wanaotuonyesha pa kuingia majini, maana kuna sehemu zenye mamba na sehemu zenye kichocho.

Kuna ndugu huniambia jaketi ni kukosa imani. Huwa nawakumbusha kwamba Yesu alipoambiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, alikataa.

Hatua ya tatu: siku ya kwanza ni kula na kulala. Simu zinakusanywa kwenye kikapu. Hakuna mahubiri. Tunapika ugali wa muhogo na migebuka, watu wanalala mchana kama watoto. Viongozi wapya hawapendi hatua hii, wanaona siku imepotea. Someni habari za Eliya alipomkimbia Yezebeli. Alilala chini ya mretemu akiomba afe, na malaika hakumletea somo. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamletea mara ya pili. Safari ya kwenda Horebu ilifuata baadaye. Mtu aliyechoka hofu yake huwa mara mbili, na ile nusu ya pili ni usingizi tu unaodaiwa.

Hatua ya nne: ngazi. Hapa ndipo penye kazi, msiparuke.

Chukua ile hofu uliyoiandika, uikate vidato, kuanzia kinachokutia wasiwasi kidogo hadi kile ambacho leo huwezi kukifikiria. Vyangu vilikuwa hivi: kukaa ufukoni miguu ikiwa majini, kusimama maji ya kiuno, kulala chali mtu amenishikilia mgongo, kulala chali mkono ukiondolewa, kisha kushuka kutoka kwenye boti, nimevaa jaketi, mahali ambapo chini haipo.

Kanuni ni moja: usiondoke kwenye kidato hofu ikiwa juu. Kaa hapo hapo mpaka moyo uteremke wenyewe. Unateremka, dakika kumi au ishirini, mwili hauwezi kupiga kelele muda wote. Ukikimbia wakati hofu imepanda, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, na kesho hofu inarudi na mtaji mkubwa zaidi. Daktari mmoja wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, ndiye aliyepanga tiba ya vidato namna hii miaka ya 1950, na mpaka leo matabibu wanatumia njia za ukoo huo.

Unaposubiri, pumua. Vuta kwa hesabu ya tatu, toa kwa hesabu ya sita. Kutoa pumzi polepole ndiko kunakoushusha moyo. Sisi tunaweka sala fupi juu ya pumzi inayotoka, neno moja au mawili, si litania nzima.

Na msaidizi awe anayejua kuogelea kweli. Anayesema tu "usiogope" abaki ufukoni apike. Mimi kidato cha tatu kilinichukua siku mbili nzima. Nililia. Mama mmoja mvuvi aliyekuwa anaanika dagaa aliniangalia weee, akaendelea na dagaa wake.

Hatua ya tano: kupanda Gombe, hifadhi ya taifa ya sokwe. Boti zinaondokea Kibirizi, hifadhi iko kaskazini mwa mji wa Kigoma. Ni ndogo, lakini milima yake imesimama wima na wenye hofu ya kimo watapata dozi yao. Lipeni viingilio mapema. Mwenye mafua abaki, sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu. Chakula kifichwe, nyani wa pale ni wezi wenye uzoefu.

Nawapeleka kwa sababu ya jambo moja. Jane Goodall, Mwingereza aliyewachunguza sokwe, alifika pale tarehe 14 Julai 1960, akiwa na miaka 26, pamoja na mama yake. Kwa miezi sokwe walimkimbia kila walipomwona. Hakuwafukuza. Alikaa juu ya mlima, mahali pale pale, nguo zile zile, akijiacha aonekane, mpaka mmoja mmoja wakazoea. Tunawasimulia watu habari hii wakiwa wamekaa karibu na maporomoko ya Kakombe, kisha tunanyamaza nusu saa. Kama fedha haitoshi, kilima chochote kinachotazama ziwa kinafaa.

Hatua ya sita: usiku. Kila mtu anakaa peke yake robo saa, umbali wa kuitika akiitwa. Chagueni siku za giza, maana ndipo wavuvi wa dagaa wanapowasha taa, na ziwa linakuwa kama mji. Mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mama Neema, Kasulu: Shikamoo dada. Binti yangu ana miaka 13, anaogopa kila kitu. Naweza kuja naye?

Marahaba mama. Gombe hataruhusiwa, sokwe ni kuanzia miaka 15. Ufukoni aje, ila ngazi aikate yeye mwenyewe. Wewe usimshikie kalamu.

Mzee wa Kanisa, Uvinza: Hofu ni roho, inakemewa. Ngazi za nini?

Baba, niliombewa mara tatu na nikaendelea kunawa miguu. Sala siikatai, ndiyo iliyonipeleka mpaka ufukoni. Ila kuingia majini nilitumia miguu.

Abu Salma, Ujiji: Assalaam aleykum dada. Sisi Waislamu tuna nafasi humo?

Waaleykum salaam kaka. Mnayo. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijitenga pango la Hira hata kabla ya wahyi. Wawili wenu walikuja mwaka jana, swala kwa wakati wake, dhikri kwenye pumzi, vidato vile vile.

Kijana wa Mwanga: Kaka yangu alizama. Nikisikia injini ya boti natokwa jasho, usiku naota. Nianze na kidato gani?

Pole sana mdogo wangu. Usianze. Hiyo si ya ngazi yangu, ni jeraha. Nenda hospitali ya mkoa, uliza huduma ya afya ya akili, uwaeleze hizo ndoto. Kwetu njoo siku ya kwanza tu, ule, ulale. Ziwa tutakaa tumelipa mgongo.

Mnyamwezi Halisi, Tabora: Huku hatuna ziwa. Tuogope nini?

Mna miombo na mna nyuki! Mtafuteni mrina asali mzoefu, mwende naye jioni mkae mbali na mzinga, kila siku msogee kidogo. Anayevimba mwili mzima akiumwa na nyuki asijaribu. Mimi mwenyewe nyuki bado. Kwa shangazi yangu Sikonge niko hatua arobaini kutoka kwenye mzinga.