SOMO: Una mwili mkubwa? Soma hapa kabla ya kupanda rola kosta (treni za burudani za kasi) za Orlando

Wakuu, kila likizo ndugu wanaokuja Florida wananiuliza swali lile lile: "Nina kilo 125, nitaenea kwenye kiti?" Naandika mara moja, wengine nitawaelekeza hapa.

1. Achana na mizani kwanza. Mara nyingi kinachoamua ni umbo. Chuma kinachokufunga kitini kiko cha aina mbili. Cha mabegani kinagombana na kifua na tumbo. Cha mapajani kinagombana na kitambi na mapaja. Mrefu wa kilo 130 anaweza kuenea, mfupi wa 105 mwenye kifua kipana akakwama.

2. Kalia kiti cha majaribio. Pale Islands of Adventure, bustani ya michezo ya Universal, vimewekwa nje, kabla ya foleni.

3. Toa kila kitu mifukoni.

4. Kukaa. Hapa ndipo nilipokosea. Nilikaa kama niko kwenye kochi, makalio mbele, mgongo umelala. Chuma kikatua juu ya tumbo, kikalia "tka" mara moja, mhudumu akakibonyeza akapita. Kilima cha kwanza tu, tumbo likabonyea, makalio yakaacha kiti, na kati ya chuma na paja ngumi ingepita. Nilishika vishikio mpaka vidole vikafa ganzi.

Kwa hiyo sukuma makalio nyuma kabisa, nyoosha mgongo, ndipo uvute chuma mwenyewe mpaka kikae pale paja linapokutana na nyonga. Usivute tumbo ndani ili kifunge. Ukishapumua kitakubana safari nzima.

Kisipofunga, MSILAZIMISHE. Machi 2022 hapa hapa Orlando, kwenye Free Fall, mnara unaopandisha watu juu kisha kuwaachia washuke ghafla, kijana wa miaka 14 alichomoka kitini akafariki. Mtengenezaji aliandika mwisho kilo 130, naye alizidi sana. Uchunguzi ulikuta kihisio (sensa) cha kiti chake kilirekebishwa kikubali uwazi mkubwa kuliko kawaida, ndiyo maana taa ziliwaka kuonyesha yuko salama.

5. Ukikataliwa, uliza viti vya watu wakubwa. Rola kosta ya Incredible Hulk, pale pale Islands of Adventure, inavyo kwenye baadhi ya safu, vina mikanda miwili.

MASWALI

Mdau: Mkuu, nina kilo 118, nitaenea?
Jibu: Namba 1.

Mdau: Unatutisha bure. Jamaa yangu walimsukumia chuma wawili, kikafunga, akapanda freshi.
Jibu: Alishuka salama, namshukuru Mungu. Mimi nimekaa kwenye chuma kilichofunga vibaya, sitamshauri ndugu yeyote ajaribu.

Mama wawili: Kaka, nikikaa na mwanangu wa miaka 8 chini ya chuma kimoja, kuna shida?
Jibu: Dada, umeuliza jambo ambalo wengi hawaliwazi. Chuma cha pamoja kinasimama kinapogusa paja la mkubwa, kwa hiyo mtoto anabakiwa na uwazi. Chagua zenye chuma cha kila mtu peke yake. Kama ni cha pamoja, akae na mtu mwembamba, wewe kaa nyuma yao umwone.

Mdau: Niko Abu Dhabi. Rola kosta ya hapa, Formula Rossa, inakwenda kilomita 240 kwa saa, wanatoa miwani ya kuvaa. Ushungi je?
Jibu: Ufunge bila pini, ncha zote zichomekwe ndani ya nguo, na mkanda wa miwani upite juu yake. Mwonyeshe mhudumu kabla hujapanga foleni, maana yeye ndiye atakayesema ndiyo au hapana.